Njia ya Goweko: Nani Msimulizi?

Nilipopeleka pendekezo la mada yangu ya utafiti, niliulizwa swali moja tu: hii ni fasihi au ni historia? Sikuwa na jibu la haraka, nikarudi bwenini nimenywea. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Msimamo wangu ni kwamba masimulizi ya wazee wa Goweko kuhusu njia ya misafara ni matini kamili ya fasihi. Tukiyahakiki sawasawa, tutalazimika kuyasoma upya hata maandishi tuliyozoea kuyaheshimu.

Goweko ni kituo cha reli ya kati, mashariki ya Tabora. Wengi wenu mmeipita mmelala kwenye treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini njia ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapita pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo ikaingia Unyanyembe. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Katika vitabu vya wasafiri, sehemu hizi ni vituo tu: walilala, wakanunua chakula, wakaondoka. Mwenyeji wa pale anaonekana akiuza mtama, basi.

Mtu atasema hao ni Wazungu. Haya, tumchukue mwenzetu wa lugha moja. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kwa Kiswahili. Ilichapishwa Berlin mwaka 1902 hadi 1903, mzee mwenyewe akiwa bado hai Unguja. Kifani ni kazi nzito: sentensi fupi, hakuna kulialia, tukio linafuata tukio kama mtu anayesoma daftari la biashara. Lakini hebu tuangalie wahusika. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, bunduki zinahesabiwa, wadeni wanatajwa. Wapagazi je? Hao wanapata nafasi hasa wanapotoroka, yaani wanapokuwa hasara. Mtindo wa daftari ndio msimamo wenyewe wa msimulizi, kwa sababu daftari halina safu ya kuandika mtu aliyechoka.

Sasa nimlete bibi yangu mzaa mama, ambaye hayupo tena duniani. Babu yake alikuwa mpagazi, na habari zake bibi alizipokea jikoni. Kwake yeye safari haikuwa na mwaka wala frasila. Ilikuwa na maji na jembe: kisima kipi kilikauka, nani aliondoka baada ya mavuno, nani aliwahi kurudi kabla ya mvua za kupandia, na nani shamba lake lililimwa na mkewe peke yake. Hii si porojo. Wapagazi wa Kinyamwezi walifanya kazi ya ujira, na wengi walipanga safari kwa kufuata majira ya kilimo. Nilichokidhani mwanzoni kuwa ni kuchanganya mambo ni muundo kamili wa wakati. Tippu Tip anapanga wakati kwa faida, bibi alipanga kwa njaa.

Na tusijidanganye kwamba mmoja ni ushahidi na mwingine ni hadithi. Tippu Tip naye alikuwa mzee anayekumbuka. Tofauti ni kwamba kumbukumbu yake ilipigwa chapa.

Ushahidi mwingine tunao mdomoni kila siku. Hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ililipa kwa watawala, hasa Ugogo. Leo ni rushwa. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi njiani. Leo ni hela ya kikao. Sisi wenyewe tunapoisubiri "boom" tunalalamika kama wapagazi waliokaa kambini bila posho. Nani aliyebadilisha maana ya hongo, mlipaji au mlipwaji? Kwangu mimi, neno hilo limebaki na chuki ya aliyelipa. Hata lugha inaweza kuegemea upande.

Hata hivyo, mhakiki asiwe mjukuu tu. Masimulizi ya bibi yana pengo lake. Alisema sana juu ya mizigo, lakini nilipouliza kuhusu watumwa alishusha sauti, akasema kuna majirani "walioletwa", kisha akahamia habari za kuni. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi nao walinunua na kumiliki watu, na mashamba ya Unyanyembe yalilimwa na watumwa. Ukimya ule nao ni sehemu ya matini. Nilipoandika masimulizi yale mara ya kwanza niliuruka, nikanyoosha na sentensi zake ziwe Kiswahili sanifu. Nilifanya kosa lile lile ninalowalaumu wengine.

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Angalieni ramani: kati ya Kilimatinde na Kwihara pamerukwa, na ndimo ilimo Goweko. Silaumu, maana palipo na jengo au kaburi ni rahisi kuweka kibao. Kwetu hakuna jengo la kuonyesha, kuna maneno. Maneno ndiyo kazi ya idara yetu.

Kwa hiyo, swali la fasihi au historia naliacha kwa walioliuliza. Mimi naomba jambo dogo: likizo hii kila anayepanda treni ya bara akae na mzee mmoja, aandike anayosema jinsi anavyoyasema, pamoja na pale anaponyamaza. Tukirudi tuyahakiki hapa hapa, bila huruma. Bibi yangu nilimwandika nusu tu, na sina tena wa kumuuliza nusu iliyobaki.