Mzizi Mmoja, Mizigo Mingi
Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872, akingojea wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Tembe lake wageni hulijua. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alipokuwa na miaka 10, kibarua katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, Uskoti, alitoa sehemu ya ujira wa wiki yake ya kwanza akanunua kitabu cha Kilatini. Alikitega juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akawa anadokoa sentensi mojamoja kila alipopita.

Walimu wa Kiingereza ninaowahusudu huenda kwa mwendo huohuo. Wengine walipitia seminari, maana Kilatini kilisomwa hapahapa Tabora, Itaga na Kipalapala. Mwalimu wa aina hiyo hamtwishi mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, orodha ndefu ya kukariri. Huandika ubaoni silabi moja: port, kutoka portare, kubeba. Kisha hutulia.

Kwenye njia ya misafara mfano huo haupati shida. Porter ni Mnyamwezi na mzigo wake wa frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Tanguliza ex-, nje: export, pembe zinazoteremka pwani. Tanguliza in-, ambayo mbele ya p hugeuka im-: import, merikani na shanga zinazopanda kutoka Bagamoyo. Report ni habari iliyobebwa kurudishwa. Mimi huipenda zaidi support: sub-, chini, imelainishwa na p ikawa sup-, ni kubeba kutoka chini. Mtoto aliyekulia katika chukua, chukuza, chukuliana hashangai. Kwetu kitenzi hurefushwa mkiani, kule kichwani.

Ustadi wenyewe uko katika kujua pa kusimama. Darasa likishanogewa, litataka airport na opportunity nazo zibebe mzigo. Mwalimu hukataa: hizo ni za portus, bandari, na opportunity asili yake ni upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Halafu sport, isiyofanana na mzigo hata kidogo, kumbe ni ya ukoo: ilipitia Kifaransa cha zamani, ikimaanisha kumbeba mtu mbali na shughuli zake. Mwalimu mjanja huiweka akiba hiyo kwa siku ya mechi.