Sifa za Fundi Anayekataa

Huku Chaani, Mombasa, husifiwa fundi aliyeifufua injini iliyokufa. Inanguruma, tajiri anatabasamu, makanga anaanza kuita abiria. Mimi namsifu mwenzake, fundi wa waya anayehangaika ili matatu kuukuu isishike moto kwenye msongamano wa Changamwe ikiwa na abiria kumi na wanne.

Kwenye Toyota HiAce, injini iko chini ya viti vya mbele. Moto ukizuka humo, huwazukia watu walioukalia. Ndiyo maana fundi mwema huinua kiti na kunusa kabla hajashika spana. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sembuse kwenye joto la Mombasa. Cheche moja yatosha. Watu wa Chaani hawana haja ya kufunzwa kuyaheshimu mafuta: wamekaa jirani na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka wa 1963 na kuacha kusafisha mwaka wa 2013.

Baada ya kunusa, fundi hupapasa. Mpira wa mafuta uliokauka na kupasuka nyufa anaung'oa hata kama haujavuja, kwa kuwa akingoja uvuje atakuwa amechelewa. Hauridhii mpira wa maji mahali pa mpira wa mafuta, wala hafungi kwa kipande cha waya panapotaka klipu. Vichwa vya betri anavisugua mpaka ving'ae, maana upepo wa bahari una chumvi. Kutu ikikaa pale, umeme hupita kwa taabu na pale penye taabu huzaliwa joto.

Ila ustadi wake huonekana zaidi kwenye fyuzi. Gari limeongezwa spika na taa za rangi, na fyuzi ya ampea 15 inakatika kila mara. Tajiri anataka iwekwe ya 30 ili gari liwahi abiria wa jioni. Fundi anakataa. Anajua kwamba mkondo ukiwa maradufu, joto ndani ya waya huwa mara nne. Fyuzi kubwa haiondoi hitilafu. Inaipa nafasi ya kuyeyusha ganda la waya nyuma ya bodi, pasipoonekana. Basi anaufuata waya inchi kwa inchi hadi anapakuta unaposuguana na chuma, anautengeneza, anapavisha mpira, kisha anarudisha fyuzi ya 15.

Naye hajidanganyi kwamba moto hautakuja kamwe. Sheria inataka gari la abiria libebe kizimamoto. Yeye anataka kiwe pale mkono wa dereva unapofika, kisifungwe kwa waya chini ya kiti cha nyuma. Anaangalia kipimo, anapindua mtungi na kuutikisa ili poda isigande. Kisha anamfunza dereva: zima injini, teremsha watu kwanza, usiinue kiti wala kifuniko chote, kwa sababu hewa itauchochea moto. Puliza poda kupitia upenyo mdogo, ukilenga chini ya ndimi za moto. Mtungi mdogo huisha kwa sekunde kumi hivi. Ukiisha na moto bado uko, kaa mbali.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine ya ghali. Linalohitajika ni ujuzi, na ujasiri wa kumwambia mwenye pesa kwamba gari halitoki leo. Wengi wetu humlipa fundi kwa vipuri alivyofunga na haraka aliyofanya, kisha tukashangaa njia za mkato zikiota mizizi. Tumlipe pia kwa kila alichokikataa. Tajiri aliyenyimwa fyuzi ya 30 amehudumiwa vyema kuliko aliyepewa, na abiria anayepanda jioni hiyo ana deni kwa fundi huyo, hata kama hawatajuana.