Waliochonga Mijusi wa Sydenham

Kuna picha ya chapa ya mwaka 1854 inayoonyesha mabwana wa heshima wakila chakula cha usiku ndani ya mnyama. Mgongo wake uko wazi, meza imepita katikati ya mwili, na shingo nene inachomoza upande mmoja. Profesa Richard Owen, aliyewapa dinosaria jina lao mwaka 1842, alipewa kiti cha heshima upande wa kichwa. Mwenyeji alikuwa Benjamin Waterhouse Hawkins, mchongaji wa sanamu, na mnyama huyo ni kalibu ya Iguanodon, dinosaria aliyekuwa akimuunda kwa ukubwa wake kamili kwa ajili ya bustani ya Crystal Palace, huko Sydenham, kusini mwa London. Karamu ilifanyika mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1853. Tarehe 7 Januari picha yake ilikuwa imeshatoka kwenye gazeti la Illustrated London News.

Wiki moja tu! Wengi wakiitazama picha hiyo huuliza nani alikuwepo mezani. Mimi nawaza mafundi waliokesha ili itoke.

Picha za gazeti lile zilichongwa kwenye mbao za mti mmoja mgumu ajabu, unaokua polepole na wenye shina jembamba. Ule bora uliagizwa kutoka Uturuki. Fundi wa milango ya Zanzibar huchonga ubapa wa ubao, nyuzi za mti zikienda kwa urefu. Mchongaji wa London alilikata gogo kwa mapana, nyuzi zikawa zimesimama wima kumtazama, kisha akausugua uso huo mpaka ukawa laini kabisa. Hapo patasi nyembamba ingeweza kupinda upande wowote bila kuurarua mti. Na kwa kuwa shina halikuwa nene, ubao wa picha kubwa uliundwa kwa vipande vilivyokazwa pamoja kwa skrubu. Habari ikiwa ya moto vipande vilifunguliwa vikagawanywa: huyu akapewa mguu, yule mkia, mwingine anga tupu iliyo juu ya kichwa. Vikisharudishwa pamoja, mkono wa fundi mkuu ulipita kwenye viungo ili mshono usionekane. Mara nyingine unaonekana tu, uzi mweupe unaokatiza picha kutoka juu hadi chini, nami hufurahi kila ninapouona.

Sasa fikiria ngozi ya Iguanodon. Katika chapa ya namna hii kilichokatwa hutoka cheupe, na kilichobaki ndicho kinachobeba wino. Kwa hiyo gamba moja jeusi lenye ukubwa wa punje ya mtama halichorwi. Huzungukwa kwa mikato mpaka libaki lenyewe. Tumbo la mnyama, palipo na kivuli, fundi aliligusa kidogo tu. Mgongoni, palipo na mwanga, alikata sana. Yote hayo aliyafanya kinyume, kulia ikiwa kushoto, na bila nafasi ya kufuta, maana mchoro wenyewe ulichorwa juu ya ubao uleule na ulitoweka kadiri patasi ilivyosonga. Tena aghalabu hakutia jina lake. Kama kuna jina pembeni, mara nyingi ni la mwenye karakana.

Picha ninayoipenda kuliko ile ya karamu ilitoka siku ileile ya karamu, 31 Desemba. Inaonyesha karakana ya Hawkins: Iguanodon ametawala chumba, dinosaria mwingine, Hylaeosaurus, ana miiba mgongoni, na wanyama wadogo wametapakaa chini. Watu wamo pia, na ni wao wanaotupa kipimo cha yale madude. Mchongaji wa ubao angeweza kabisa kututisha kwa kinamasi na radi. Badala yake alituonyesha mahali pa kazi, na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Hawkins alieleza Mei 1854, mbele ya Society of Arts, kwamba Iguanodon mmoja alikula nguzo 4 za chuma, matofali 600 na mapipa 38 ya saruji. Karakana hiyo haipo tena. Jumba la vioo la Crystal Palace nalo liliungua usiku wa 30 Novemba 1936, ingawa sanamu zimebaki bustanini hadi leo.

Najua wapo wanaozicheka picha hizi kwa sababu ya pembe iliyowekwa puani mwa Iguanodon. Gideon Mantell, aliyemtangaza Iguanodon mwaka 1825 kutokana na meno, baadaye alipata mfupa wenye ncha akauweka juu ya pua. Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, walifukua mifupa ya wanyama wazima, na ile pembe ikagundulika kuwa ni kidole gumba. Sawa. Lakini mchongaji wa ubao alionyeshwa sanamu yenye pembe akachonga pembe, na uaminifu wake ndio unaotuwezesha kuona watu wa 1854 walijua nini hasa.

Wanyama hao walichapwa kwa rangi pia. George Baxter alipiga chapa zake kwa njia aliyoipatia hataza mwaka 1835: kwanza bamba la chuma lenye mistari yote, kisha mbao moja baada ya nyingine, kila rangi na ubao wake, kwa wino wa mafuta. Katika chapa yake ya Sydenham wanyama wako mbele, jumba linang'aa nyuma yao. Ni kazi ya ustadi mkubwa, ila kwangu imetakata mno, jasho limefutwa.

John Leech wa jarida la Punch alikuwa mkweli zaidi kwa mzaha wake. Katika katuni yake ya 1855, mtu mzima anamvuta mkono mtoto aitwaye Tom awatazame mijusi wa Sydenham apate elimu, naye Tom anajivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Mapema miaka ya 1860 Hawkins alitoa mabango makubwa ya wanyama haohao kwa ajili ya madarasa. Maskini Tom, kama angekuwa bado shuleni, angewakuta ukutani.