Mkate wa Viazi wa Khumjung

Kijiji cha Khumjung kiko Khumbu, nchini Nepal, mita zipatazo 3,790 juu ya usawa wa bahari. Nilikaa huko kwa muda mrefu, nyumbani kwa familia ya Kisherpa. Siku zangu za mwisho ziliangukia mwishoni mwa Septemba, viazi vikiwa vimeshachimbwa, na mama mwenye nyumba akasema kila jioni iliyobaki tutakula rikikur, mkate wa viazi. Nikaacha matembezi, nikakaa karibu na jiko nimtazame.

Kazi huanzia uani. Viazi vya mbegu huwekwa kando. Vizima hufukiwa shimoni, udongo uvikinge na baridi kali inayokuja. Vilivyokatwa na jembe huingia jikoni kwanza, maana havikai. Mama hakukiacha kiazi hata kimoja kipite kabla hajakigeuza mkononi na kukikagua. Zao hili lilifika Khumbu katikati ya karne ya 19, na tangu hapo ndilo linalowavusha watu majira ya theluji.

Akishamenya, hukuna viazi vibichi kwenye bati lililotobolewa kwa msumari, meno ya matundu yakitazama juu. Mkono hushuka kwa mwendo ule ule, bila kukazana. Kiazi kikibaki kipande chembamba, hukisukuma kwa kiganja, vidole vikiwa vimeinuliwa, kisha hushika kingine. Rojo linapojaa bakuli huliacha litulie kidogo. Maji yakipanda juu huyamwaga polepole, wanga mzito ubaki chini. Huongeza chumvi na unga wa ngano, konzi kwa konzi, akikoroga kwa mkono. Hana kipimo kingine: huinua rojo kwa vidole, na likidondoka kwa uzito badala ya kuchuruzika, unga umetosha.

Kwenye mwinuko huu maji huchemka yakifika nyuzi 87 hivi, kwa hiyo viazi vya kuchemsha huchelewa kuiva. Tawa la chuma halina kikwazo hicho. Hupata moto kadiri jiko linavyolipa. Mama huchochea kuni na mavi makavu ya yaki, kisha huvuta gogo moja nyuma mpaka moto utulie. Hupaka tawa siagi kidogo sana, humwaga rojo katikati, na kulitandaza kwa mkono uliochovywa maji, akizunguka kutoka ndani kwenda nje. Hupita haraka penye joto kali na kukawia ukingoni, ili unene uwe sawa kote.

Baada ya hapo husubiri, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Mimi ningeshaingiza mwiko mara tatu. Yeye hutazama ukingo. Weupe wa rojo hufifia, mvuke hupungua, na ukingo huanza kujiinua wenyewe. Hapo ndipo hupitisha vidole chini yake na kuugeuza mkate mara moja tu, mzima, bila kuuchana. Upande ulioiva huwa na madoa ya kahawia kama ya chapati.

Mkate ukiwa bado wa moto hupakwa siagi na kuliwa na mchuzi wa somar, jibini chachu yenye harufu kali, iliyotwangiwa pilipili. Sahani ya mgeni haiachwi tupu. Ukimaliza, mwingine umeshaiva, na aliyepika hula wa mwisho.

Asubuhi ya kuondoka nilivishwa khata shingoni, kitambaa cha heshima na baraka. Niliipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla ya khata ulikuja mkate, uliopikwa kwa uangalifu ule ule wa siku ambazo hakuna anayeaga. Mama hakuongeza mbwembwe kwa ajili ya safari yangu, wala hakupunguza hatua hata moja. Kwangu huo ndio ufundi: kuipa kazi ya kila siku muda wake wote, awepo mgeni au asiwepo.