Mafundi wa Nyota na Reli

Piga *150*00# kwenye kitochi chenye laini ya Vodacom Tanzania na menyu ya M-Pesa itafunguka hapo hapo, bila kifurushi cha intaneti wala programu ya kupakua. Wengi wetu hufanya hivyo huku tukizungumza mambo mengine. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi za ufundi zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa katika zama zetu, na inastahili kutazamwa polepole.

Ugumu wake uko hapa. Mtandao wa simu hutenga njia, huhesabu sekunde na humtambua kila mwenye laini. Intaneti hukata ujumbe vipande vipande, huvipitisha popote palipo wazi, na kipande kikipotea hutumwa tena. Fundi wa USSD, yaani menyu hizi za nyota na reli, anaziunganisha tabia hizi mbili, na kazi yake ni kama ya fundi cherehani hodari: mshono ukionekana, amekosea.

Ukibonyeza kitufe cha kupiga, ombi lako linapanda mnara kwa njia za ishara, zile zile ambazo simu hutumia kupanga maongezi kabla hayajaanza. Ndiyo maana simu yako haihitaji intaneti. Likifika kwenye lango la kampuni ya simu, linageuzwa kuwa ombi la kawaida la wavuti na kupelekwa kwenye seva ya mwenye huduma. Seva inajibu kwa maandishi, lango linayageuza, nawe unasoma. Zamani lango hilo lilikuwa gumu kufikiwa na mjenzi mdogo. Kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, ni miongoni mwa waliolisogeza karibu, tena kwa utaratibu mwepesi ajabu: jibu la seva likianza na herufi CON, mazungumzo yanaendelea; likianza na END, yamekwisha. Basi. Kijana mwenye kompyuta ya kuazima anaweza kuanza leo.

Wepesi huo ni wa mlangoni tu. Kwa utaratibu huo, seva haipokei kila jibu peke yake, bali mnyororo wote tangu mwanzo. Mtu aliyechagua 1, kisha 2, kisha akaandika kiasi, anafika kama 1*2*5000. Akikosea na kubonyeza 0 arudi nyuma, hiyo 0 nayo inaingia kwenye mnyororo, na fundi lazima ajue kwamba hapa sifuri ni hatua ya kurudi na pale ni sehemu ya namba ya simu. Ukurasa mmoja una nafasi ya herufi 182 tu, pamoja na nafasi tupu na alama zote. Nimeona menyu za Kiswahili zilizopunguzwa neno baada ya neno hadi kila kilichobaki kina kazi, na bado zinamheshimu msomaji.

Ujumbe mfupi nao una mitego yake. Baiti 140 zinabeba herufi 160, maadamu kila herufi imo katika alfabeti ya GSM. Sasa mtu anaandika “ng’ombe” kwenye kompyuta, na programu inaipinda ile alama ya juu iwe ya kupendeza. Alama iliyopinda haimo katika alfabeti hiyo. Ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine, nafasi inashuka hadi herufi 70, na taarifa ya chanjo kwa wafugaji iliyokuwa ujumbe mmoja inalipiwa kama miwili au mitatu. Fundi makini huinyoosha alama hiyo kabla ujumbe haujatoka, na hakuna mfugaji atakayejua.

Lakini penye pesa ndipo ufundi hupimwa. Ujumbe mfupi hukaa kituoni ukisubiri simu iwashwe. USSD ikikatika, imekatika. Mama yuko sokoni, ameshaweka namba ya siri, menyu inatoweka. Pesa imekwenda au haijaenda? Anapiga tena. Seva iliyotengenezwa ovyo itatuma mara mbili. Iliyotengenezwa vizuri imeshalipatia kila ombi namba yake na kuliandika kabla ya kuligusa, hivyo inaweza kumwambia kwamba muamala kama huo umeshapita na kumuuliza kama anataka kurudia. Pia haimsubirishi hadi lango lichoke: inamjibu upesi kwamba ombi limepokelewa, inafanya kazi nyuma, kisha inamtumia ujumbe mfupi wenye namba ya muamala. Saa nyingi za usiku zimeingia katika sekunde hizo chache, na nafurahi kila ninapoziona zikifanya kazi.

Tena kuna busara inayotokana na kuwajua watu. Wateja wa siku nyingi hawasomi menyu. Vidole vyao vinajua: 1, kisha 1, kisha namba, kisha kiasi. Wazee wasioona vizuri hutegemea hilo, na wasiojua kusoma pia. Kwa hiyo fundi mzuri hazisogezi namba zilizozoeleka. Huduma mpya ikija, anaiweka chini kabisa ya orodha, iwe ya 7 au ya 8, hata kama wauzaji waliomba iwe ya kwanza.