Kazimoto na Kijana wa Bariadi

Wahakiki wengi wa riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) hulitazama tatizo la Kazimoto kama ugonjwa wa fikra. Msomi wa Chuo Kikuu anarudi kwao Ukerewe, anajiona mgeni mbele ya wazazi wake, haamini chochote, na mwishowe anajiua. Basi husemwa: hayo ndiyo mazao ya elimu ya kikasumba. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Inamfanya msomaji adhani kwamba kijiji ni kizima na mgonjwa ni kijana peke yake.

Hebu tuvuke ziwa, twende Bariadi. Kijana aliyesomeshwa kwa pamba ya baba yake anaporudi bila kazi na bila imani, anakuta nini? Hakuti mji uliokufa. Mwaka 2012 Bariadi ilifanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu. Kilichodhoofika ni chombo cha mkulima. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, akiwemo Paul Bomani, waliunda shirikisho lao la ushirika ili wasipunjwe tena kwenye mizani. Mwaka 1976 Serikali yetu yenyewe ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vilirudi kwa amri kutoka juu, si kwa nguvu ya wanachama. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, vikayumba.

Hapa ndipo upungufu wa Kichwamaji unapoonekana. Kezilahabi anachambua kwa ujasiri moyo wa msomi, lakini uzito wa riwaya hauko kwenye bei, mzani na ghala. Kazimoto anauliza maana ya maisha. Haulizi nani anapanga bei ya jasho la baba yake. Katika Gamba la Nyoka (1979) mwandishi alisogea karibu zaidi na swali hilo, alipoingia katika siasa ya vijiji vya ujamaa.

Kada anayemwita kijana huyu mvivu hajasoma riwaya wala historia. Kukata tamaa kwake si usaliti, ni ushahidi dhidi ya makosa yetu. Tusimhubirie subira. Chama cha msingi cha ushirika kimkabidhi daftari la hesabu, alikague mbele ya mkutano wa wakulima. Hapo elimu yake itapata kazi, na wakulima watapata mtetezi.