Maandishi ya Ukutani: Jumba la Makumbusho ya Kiyahudi la Praha

Jumba la Makumbusho ya Kiyahudi la Praha si nyumba moja. Ni masinagogi kadhaa ya kale, pamoja na makaburi ambayo jiwe lake kongwe kabisa ni la mwaka 1439. Lilianzishwa mwaka 1906, baada ya sehemu kubwa ya mtaa wa Wayahudi kubomolewa ili ijengwe upya, na nia ya waanzilishi ilikuwa kuokoa vyombo vya ibada vya masinagogi yaliyovunjwa. Nia hiyo ilikuwa ndogo na safi. Utajiri wa jumba ulitoka kwingine.

Kuanzia mwaka 1942, chini ya utawala wa Wajerumani, vitu vya jumuiya 153 za Bohemia na Moravia vilikusanywa Praha: mapazia, mataji ya Torati, vitabu, taa. Waliovipokea na kuviorodhesha walikuwa wataalamu wa Kiyahudi, na wengi wao walipelekwa makambini wasirudi. Husimuliwa mara nyingi kwamba Wanazi walikusudia kujenga jumba la kuonyesha taifa lililokwisha kutoweka. Wanahistoria kadhaa wa siku hizi wanaitilia shaka habari hiyo; nami naona ina dhara jingine, kwani huwapa wauaji heshima ya kuwa watunzaji, na kuwasahau walioshika kalamu.

Kwa hiyo taji la fedha haliwezi kutazamwa humu kwa jicho la uzuri peke yake. Vitu hivi hueleza vyema sabato, arusi na mazishi, lakini huyaeleza kana kwamba desturi yaweza kuishi pasipo watu. Mtazamaji hutoka akimjua Myahudi mmoja wa jumla, asiye na jina wala kijiji.

Upungufu huo unajazwa na Sinagogi la Pinkas. Kati ya mwaka 1954 na 1959 wachoraji Václav Boštík na Jiří John waliongoza kazi ya kuandika kutani majina ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa, karibu 80,000. Haya ni maandishi, na yastahili kuhukumiwa kama maandishi. Hayana kitenzi, hayana sifa, hayana kilio. Jina la ukoo hutangulia, kisha hufuata jina la kila mmoja na tarehe zake, na msomaji mwenyewe hujikuta akikokotoa: huyu alikuwa na miaka sitini, huyu mitatu. Mtunzi dhaifu angeongeza neno la huzuni. Hapa hapana lililoongezwa, na ndiyo maana huzuni haina mahali pa kupumzikia.

Mwaka 1968 sinagogi lilifungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa unyevu wa ardhini, na unyevu ulikuwako kweli. Lakini unyevu hautaki zaidi ya miaka ishirini kukaushwa, labda uwe na rafiki serikalini. Majina yakatoweka. Yaliandikwa upya kati ya mwaka 1992 na 1996, na mwaka 1994 makusanyo, yaliyokuwa mali ya dola tangu 1950, yalirudishwa kwa Wayahudi. Mtu asiyejua habari hii huudhani ukuta kuwa kitu imara.

Ghorofani kuna michoro ya watoto waliofungwa Terezín, sehemu ya michoro ipatayo 4,500 iliyosalia. Mwalimu wao, Friedl Dicker-Brandeis, aliyeuawa Auschwitz mwaka 1944, aliwahimiza watie majina yao katika kazi zao. Sasa mgeni husoma ukuta kwanza, ndipo hupanda ngazi, na michoro humjia kama kituo cha faraja baada ya majina. Mpango huo wafaa kugeuzwa. Na aanze juu, alisome jina ambalo mtoto ameliandika kwa mkono wake kando ya nyumba au ua, kisha ashuke alitafute ukutani.